Makufuli ya Patreon, Substack, Ko-fi na wenzao: mbona mnafunga dirisha wakati cha kufunga ni stoo?

Jana usiku nimekaa kama dakika kumi natolea macho picha ya kitu cha rangi ya chungwa. Kilikuwa gauni, au jampasuti, au labda pazia, sijui, maana picha ilitiwa ukungu kama kioo cha bafuni mtu akitoka kuoga maji ya moto, na katikati kuna kikufuli na kitufe cha kulipia. Ukurasa wa nani na jukwaa gani sisemi, mwenyewe anatafuta riziki. Ila ndo kilichonifanya nikae chini kuandika hii.

Mi nashona. Sio wa kukaa kibarazani na bango, nashona jioni nikitoka kazini, magauni ya watoto wa dada zangu na mashati yangu mwenyewe, na pateni nyingi (ile michoro ya kukatia kitambaa) nazitoa mtandaoni kwa hawa watu ambao unawalipa kwa mwezi wanakufungulia vitu vyao. Afu pia napenda kusoma, kwahiyo hela nyingine inaenda kwa waandishi. Nimeshatoa hela kwenye majukwaa ya kuwalipa hao watu, Patreon, Ko-fi, Substack, na za kwetu hizi za magrupu ya WhatsApp nitazifikia chini. Naongelea kitu kimoja tu hapa, sio ubora wa pateni wala huduma kwa wateja, naongelea ile hali ya mtu ambaye bado hajalipa, kafika mlangoni, kakuta kufuli. Anaonyeshwa nini pale? Maana dola 5 ni elfu 12 na ushee, kwa wenzetu huko ni kahawa, kwangu ni kitambaa na uzi na zipu na chenji ya bodaboda inabaki.

Tuanze na Patreon maana ndo baba lao. Ilianza 2013 San Francisco, waanzilishi ni Jack Conte na Sam Yam, na Conte ni mwanamuziki kabisa, alitengeneza video ya wimbo kwa gharama kubwa, watu wakaangalia wengi tu, pesa ya matangazo iliyorudi ikawa kichekesho, ndo akasema basi mashabiki wanilipe wenyewe. Sasa ukikumbuka hiyo historia unaelewa kwanini kufuli lao liko vile. Mwanzoni ilikuwa mchango zaidi kuliko duka, mtu anaahidi kiasi fulani kila kazi ikitoka, na kazi yenyewe mara nyingi inawekwa hadharani kila mtu anaiona, we unachangia kwa mapenzi yako. Mchangiaji wa hivo hahitaji kuonyeshwa bidhaa, anamjua mtu tayari. Mimi nimekuja kununua pateni, simjui mtu, nimetokea Pinterest, mtandao wa picha, saa nne usiku.

Ukifika kwenye ukurasa ambao posti ni za wanachama unaona kichwa cha habari, tarehe, waliopenda wangapi, maoni mangapi, na pale penye picha unakuta ukungu na kufuli. Kwa mtu anayeuza hadithi au podikasti sawa, ukungu hauui kitu, picha ni pambo tu. Kwa mshonaji picha NDO TANGAZO. Gauni likiwa limevaliwa na mtu nikaliona mbele na nyuma, siwezi kuliiba. Nani anaweza kukata kitambaa kwa kuangalia picha? Sawa, mafundi wa Kariakoo wanaweza, unawapelekea skrinishoti ya gauni la harusi ya mtu maarufu na kesho kutwa linatoka, lakini hao hata ukiweka ukungu watapata picha kwingine. Cha kufunga ni faili la PDF lenye pateni yenyewe. Picha iache wazi, saizi ziache wazi, idadi ya karatasi za A4 iache wazi (mimi naprinti kwa mtu, karatasi 40 sio mchezo), nafasi ya mshono imewekwa au haijawekwa iache wazi. Hivo vitu vinne ndo vinanifanya nitoe kadi, na hivo vitu vinne ndo mara nyingi viko nyuma ya kufuli.

Kwa haki, Patreon haimkatazi mwenye ukurasa kuonyesha. Anaweza kuweka posti ya wazi ya picha na maelezo, afu posti ya pili yenye faili ndo aifunge. Wapo wanaofanya, na hao ndo nimewalipa. Ila wengi wanabonyeza tu kwamba hii ni ya wanachama, basi, mengine wanaiachia mitambo, na mitambo ikiachiwa inatia ukungu. Lawama nagawa nusu kwa nusu hapo. Ukijenga jukwaa la watu wa kila aina, kuanzia mchora katuni mpaka mtu wa podikasti za mauaji, si uwaulize siku ya kwanza unauza nini mwanangu? Anayeuza faili picha zake ziachwe, anayeuza picha zenyewe ndo zitiwe ukungu. Mbona rahisi.

Kuna kitu nakipenda lakini na wengi hawakitumii. Tarehe hazifichwi! Kabla sijalipa nateremka chini nahesabu makufuli na kuangalia tarehe zake. Kama kufuli la mwisho ni la miezi minne iliyopita, hata mtu awe na maneno matamu vipi silipi, ntakuwa nanunua kabati la zamani. Na angalia maoni, huwezi kuyasoma ila namba unaiona, posti ya pateni yenye maoni 60 ujue watu wameshona na wanauliza maswali, posti tatu mfululizo zenye maoni sifuri hapo kuna ukimya wa msibani.

Kwenye malipo Patreon wamehangaika kweli. Zamani walikuwa wanakata tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kwahiyo wajanja wanajiunga tarehe 2, wanafungua makufuli yote, wanapakua mpaka kikombe, tarehe 30 wanajitoa hawajalipa hata senti. Ndo ikaja kulipa papo hapo unapoingia, ikazaa kero nyingine, mtu kajiunga tarehe 28 kakatwa, tarehe 1 kakatwa tena. Siku hizi wana mtindo wa kukata kwa tarehe ile uliyojiunga, imetulia. Na tangu 2023 kuna kununua kitu kimoja kimoja bila kuwa mwanachama, yaani kufuli linakuambia jiunge AU lipia hiki tu, kwa mtu kama mimi hiyo ndo imeniokoa, sitaki ndoa nataka pateni ya kaptura ya mtoto wa miaka sita. Mwaka huohuo wakaleta uanachama wa bure, huo bado unawachanganya watu, unabonyeza kujiunga bure, unashangilia, unarudi unakuta makufuli yako palepale kama ulivyoyaacha, kumbe umejiunga kupokea taarifa tu.

Na hii wenye iPhone mnisikilize: tangu mwisho wa 2024 Apple wamebana kwamba malipo mengi yanayopita ndani ya apu kwenye iPhone yapite kwao, na wao wanachukua mpaka asilimia 30, na Patreon ikawapa wenye kurasa uwezo wa kupandisha bei kwa wanaolipia humo ili kufidia. Maana yake kufuli moja, posti moja, unaweza kukuta bei mbili. Fungua kwa brauza ulinganishe kabla hujabonyeza chochote.

Haya Substack, jukwaa la waandishi. Hawa walianza 2017, wanachukua asilimia 10 ya anachoingiza mwandishi, na kufuli lao ni la maandishi sio la picha, kwahiyo ni la aina nyingine kabisa na mimi nawapa maksi nyingi. Mwandishi anaweka mstari popote anapotaka, juu ya mstari ni bure, chini ya mstari ni ya waliolipa. Unasoma aya tatu, nne, umeshajua huyu anajua kuandika au anapiga porojo, umeshakolea, pap, imekatika. Hicho ndo kionjo cha kweli, kama muuza korosho anavyokupa moja mkononi kabla hujatia mkono mfukoni. Huhitaji kuaminishwa, mdomo wako umeshaonja.

Ila sasa. Kuna waandishi wanakata kwa ubaya! We mtu unaandika "na sababu ya kwanza iliyomfanya auze shamba ilikuwa" mstari, lipia. Mnawakumbuka wale wa filamu za Bongo enzi za CD, Part 1 inaisha pale dada anashika tumbo anadondoka, unaenda tena kwa muuza CD kununua Part 2? Tulinunua, ndio, ila tulinunua tunatukana. Halafu kinachoniuma zaidi ya mkato ni kwamba sijui chini kuna nini. Kumebaki aya mbili au kumebaki kurasa kumi? Kilichobaki ni majibu au ni mwandishi anaaga? Andika tu pale chini ya mstari kwamba umesoma robo, bado robo tatu, kuna na orodha ya vitabu, mtu aamue. Programu za kusomea vitabu zinakuonyesha asilimia, nyie mnashindwa nini.

Kitufe chao mtakuwa mmekiona, endelea kusoma kwa kujaribu siku 7 bure, na siku 7 hizo zinafungua mpaka makala zake za nyuma zote. Inasikika vizuri. Lakini wanataka kadi kwanza, na siku ya nane usipokumbuka imekula kwako. Sisemi ni utapeli, imeandikwa pale, ila neno bure ni kubwa na neno kadi linakuja ukurasa wa pili. Mimi naweka alamu ya simu siku ya sita saa mbili asubuhi, jina la alamu ni AMUA. Kitu kingine wanacho, kwa baadhi ya waandishi unapewa makala moja tu uifungue bure bila kadi, hiyo safi sana, na nashangaa kwanini sio kila mwandishi anaiwasha.

Podikasti za humo nazo zinakatwa vilevile, unasikiliza kipande cha bure uko kwenye daladala umesimama mkono mmoja juu, inafika patamu sauti inaisha. Kwenye maandishi unaliona kufuli kwa mbali, kwenye sauti linakupiga tu usoni.

YouTube sina mengi. Video za wanachama wanaolipia chaneli zina alama ya kuonyesha ni za wanachama, kichwa na picha unaviona wazi bila ukungu, bei za ngazi zote unazisoma kabla hujatoa chochote, safi. Kero ni kuletewa video kwenye orodha ya mbele kama mapendekezo, unabonyeza kumbe imefungwa. Hiyo inaitwa kuitwa mezani afu unaambiwa chakula ni cha wageni.

Ko-fi ndo wangu wa moyoni, na sio kwa sababu ya unafuu tu. Wao mchango wa mara moja hawakati kitu, kwenye uanachama na duka wanachukua asilimia 5 kama mwenye ukurasa halipii ule mpango wao wa Gold. Ila kilichonikamata ni vitu viwili. Kwanza posti inaweza kufungwa kwa ajili ya yeyote aliyechangia, hata mara moja, sio lazima awe wa kila mwezi. Unatoa dola 3 leo, posti za wachangiaji zinafunguka, mmeachana kwa amani. Pili, wana duka, na duka lao ni duka! Picha tatu nne ziko wazi, maelezo yote yako wazi, bei iko wazi, kilichofungwa ni faili lenyewe tu ukilipa linashuka. Hiki ndo nilikuwa nakililia hapo juu. Posti zao zilizofungwa zina ukungu kama za wengine, sikatai, lakini mshonaji mwenye akili anaweka pateni dukani na posti anaacha za kupiga stori.

Sasa niwaambie kilichonipata. Ukurasa fulani, jukwaa fulani, nilihesabu makufuli 14 ya mwezi mmoja, nikasema huyu mchapakazi, nikalipa dola 8. Kufungua. Tisa ni picha za gauni moja kwa pembe tofauti, akiwa amesimama, akiwa amekaa, gauni kwenye henga, gauni na paka. Mbili ni kura, "mnataka nini mwezi ujao", yaani kura imefungiwa kufuli jamani! Moja ni pole kwa kuchelewa nilikuwa naumwa. Pateni zilikuwa mbili, na nzuri tu, nisimsingizie. Hela yangu haikuibiwa, ila nilidanganywa na makufuli, kwa sababu kwa nje kufuli la pateni ya kurasa 24 na kufuli la kura yanafanana kama mapacha. Weka maneno mawili chini ya kufuli. Faili, kurasa 24. Video, dakika 18. Kura. Jukwaa linajua tayari ni kitu gani kimepakiwa, halihitaji kumuuliza mtu.

Na hapa ndo nakuja kwa hadithi zetu za Facebook na WhatsApp, msicheke. Unasoma sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure kabisa, kila sehemu inaishia na ITAENDELEA, afu mtunzi anaandika: "Hadithi ina sehemu 60, nimeshamaliza kuiandika, anayetaka yote ni buku mbili, tuma kwenye namba hii, ukituma nitumie meseji nikuunge grupu." Hebu angalia kilichomo kwenye hayo maneno. Umeonja sehemu kumi nzima. Unajua zimebaki hamsini. Unajua imekamilika, hutaachwa njia panda. Unajua bei, ni ya mara moja, haijirudii. Kampuni zenye mainjinia kibao hazinipi taarifa zote hizo kwa pamoja, mtu wa Mbagala na simu yenye kioo kilichopasuka ananipa. Udhaifu wake unajulikana, hakuna wa kumlalamikia, mimi kuna mmoja nilimtumia, akaniunga, akaweka sehemu mbili, akaandika "kesho wapendwa", akatoka grupu yeye mwenyewe tukabaki wateja tunaangaliana. Tulikuwa 43. Tukaishia kusalimiana tu asubuhi, grupu lipo mpaka leo, kuna waliotangaza biashara ya maziwa humo.

Mtu ataniuliza kwanini hao watunzi wasihamie huko kwenye majukwaa basi. Atapokeaje hela? Substack inamlipa mwandishi kupitia Stripe, kampuni ya kupitisha malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti moja kwa moja kwa mtu wa hapa Tanzania. PayPal Tanzania inakuruhusu kulipa, kupokea hapana. Wakenya wana nafuu, wanapokea PayPal na kuivuta mpaka M-Pesa, na sisi wote siku hizi tunaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, Wakenya wana ile kadi ya M-Pesa GlobalPay na Visa tangu 2022. Kwahiyo kulipa tumeshakaribishwa, kulipwa ndo bado tunachungulia, na ndo maana makufuli ninayoyafungua karibu yote ni ya watu wa mbali, na ya kwetu yanafungwa kwa uaminifu na namba ya simu.

Mkitaka maksi: Ko-fi kwa upande wa duka nampa 9 kwa 10, moja nimekata kwa ule ukungu wa posti. Substack 7, wangeniambia kilichobaki ni kiasi gani ningewapa 8 na nusu. Patreon 5 ukikutana na mwenye ukurasa mvivu, 8 ukikutana na anayejua kazi yake, yaani ni bahati nasibu. YouTube 6. Watunzi wa WhatsApp kwa kuonyesha kabla ya kulipa nawapa 10, baada ya kulipa ni we na Mungu wako.

Leo mchana nimerudi kwenye ule ukurasa wa rangi ya chungwa nikamtumia mwenyewe ujumbe, nikamuuliza dada, hiki ni gauni au ni nini, na saizi inaanzia miaka mingapi? Kajibu haraka tu, na vikopakopa. Kaniambia nitaona nikishajiunga.